Folda ya common imegeuka stoo, tuivunje kwa leya au kwa pakeji?

SWALI: Habari mkuu. Tuna programu tatu kwenye repo (hifadhi ya kodi) moja: tovuti ya wateja, paneli ya wafanyakazi, na kazi za usiku zinazojiendesha zenyewe. Kodi yoyote inayotumika na zaidi ya programu moja tunaitupia kwenye pakeji inaitwa common. Saivi humo kuna mambo ya tarehe, uhakiki wa fomu, modeli za databezi, kutuma barua pepe, kupunguza saizi ya picha, hesabu za punguzo, yaani kila kitu. Ukigusa kidogo tu zote tatu zinabildiwa (zinajengwa) upya, na kazi za usiku zinabeba laibrari nzito ya picha ambayo hazijawahi kuitumia. Mwenzangu anataka tuivunje iwe pakeji tatu kwa leya: muonekano, biashara, data. Mimi nataka pakeji kwa kila eneo: oda, wateja, malipo. Ila tukijaribu njia yangu tunakwama, oda inaimpoti (inaivuta na kuitumia) wateja na wateja inaimpoti oda. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mkuu, wote wawili mna hoja, ila mnabishania vitu viwili mkidhani ni kimoja. Leya ni sheria tu, inasema nani anaruhusiwa kumjua nani: wa juu anamjua wa chini, wa chini hamjui wa juu, imeisha hiyo. Pakeji ni kifurushi, kitu ambacho mtu anakivuta kizima kizima hata kama alikuwa anataka klasi moja tu ya ndani. Kwahiyo unaweza kuwa na leya bila kuwa na pakeji kwa kila leya, na ndo ntakachokushauri mwisho wa siku: pakeji mgawe kwa eneo kama unavyotaka wewe, alafu ndani ya kila eneo muweke leya kama anavyotaka mwenzako.

Wazo la leya ni la zamani sana. Mwanasayansi wa kompyuta Dijkstra alilieleza mwaka 1968 kwenye mfumo endeshi ulioitwa THE, uliojengwa ngazi juu ya ngazi, kila ngazi ikitegemea zilizo chini yake tu, na faida moja kubwa ilikuwa kuweza kuujaribu mfumo kuanzia chini kwenda juu bila kuhangaika na vyote kwa mpigo. Hiyo faida ipo mpaka leo. Lakini ukichukua leya ukazifanya ndo pakeji zenyewe, kama mwenzako anavyotaka, angalia kinachotokea siku mnaambiwa muongeze sababu ya kughairi oda: unagusa pakeji ya data sababu kuna kolamu mpya, unagusa ya biashara sababu kuna sheria mpya, unagusa ya muonekano sababu kuna kisanduku kipya kwenye fomu. Badiliko moja dogo pakeji tatu zote, na kwa kuwa kila programu inazitegemea hizo tatu, mmerudi palepale, kila kitu kinabildiwa upya. Mmeivunja common moja mkapata common tatu.

Mtaalamu mwingine wa programu, Parnas, aliliona hili mwaka 1972. Alichukua programu ndogo ya kutengeneza faharasa, inayopokea mistari, kila mstari inauzungusha neno kwa neno, alafu inapanga yote kialfabeti na kuchapisha, akaigawa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile ambayo karibu kila mtu angeifanya, moduli kwa kila hatua: kusoma, kuzungusha, kupanga, kuchapisha. Ya pili kila moduli inaficha uamuzi mmoja ambao unaweza kubadilika baadae, mfano mistari inahifadhiwaje kwenye memori. Ukibadili namna ya kuhifadhi mistari, mgao wa kwanza unaparuliwa wote, wa pili unagusa moduli moja tu. Kwahiyo swali la kujiuliza ni hili, vitu gani vitabadilika pamoja na kwa sababu moja, hivo ndo vikae pamoja.

Sasa turudi kwenye common yenu. Shida yake haijaanzia kwenye ukubwa, imeanzia kwenye kigezo cha kuingia. "Inatumika na zaidi ya programu moja" inakwambia nani anatumia, haikwambii kitu hicho ni nini wala nani mwenyewe. Ndo maana kila mtu anaongeza na hakuna anayetoa. Nikiangalia orodha uliyotuma naona makundi matatu yenye tabia tofauti kabisa.

La kwanza ni vitu visivyojua chochote kuhusu biashara yenu: tarehe, kukata maandishi, kujaribu tena mtandao ukikatika. Hivi havina tabu, vikae chini kabisa, visitegemee kitu chenu chochote, vimegawanywa kwa kazi yake. Pakeji ya tarehe iitwe tarehe, usiite utils, maana utils ni common iliyobadilisha jina.

La pili ni vinavyoongea na dunia ya nje, barua pepe, picha, hifadhi ya mafaili. Kila kimoja pakeji yake, hapa usione uvivu. Laibrari ya picha inayowatesa kwenye kazi za usiku imefika huko kwa sababu moja tu, imekaa kifurushi kimoja na tarehe. Kuna kanuni ya Robert Martin, mwandishi wa mambo ya usanifu wa programu, inayogusa hapa hapa, kwamba usimlazimishe mtu kutegemea vitu asivyovitumia, na kwenye pakeji inamaanisha vitu visivyotumika pamoja visifungwe pamoja. Mkiitoa picha peke yake kazi za usiku zitapungua uzito siku hiyohiyo bila kugusa kingine, mimi ningeanza na hiyo.

La tatu ndo gumu: sheria za biashara, hesabu za punguzo, uhakiki wa fomu, na modeli za databezi. Hapa nitakaa kidogo.

Uhakiki kwanza. Mara nyingi watu wanaona fanksheni mbili zinafanana, moja inahakiki anwani ya mteja na nyingine ya msambazaji, wanaziunganisha kuwa moja na kuipeleka common. Baada ya muda msambazaji anaruhusiwa kuwa na anwani mbili, inaongezwa parameta ya ndio au hapana. Alafu mteja wa nje ya nchi hahitaji msimbo wa posta, parameta nyingine. Ukija kuifungua hiyo fanksheni baadae ina ndio-au-hapana tano mfululizo na hakuna anayethubutu kuigusa sababu hajui nani atavunjika. Zilikuwa zinafanana kwa bahati tu, sababu zake za kubadilika ni mbili. Kitu kama hicho kiacheni kiandikwe mara mbili, kila eneo na yake. Rob Pike ana usemi wake maarufu kwa watu wa lugha ya Go kwamba kunakili kidogo kuna nafuu kuliko utegemezi kidogo, na ukikumbuka yaliyotokea Machi 2016, mtu alipoondoa left-pad kwenye npm (ghala la pakeji za JavaScript), kipakeji cha mistari 11 tu ya kuongeza nafasi mbele ya maandishi, na bildi za miradi kibao duniani zikagoma, unaona kabisa kwamba utegemezi una gharama hata ukiwa mdogo namna gani. Punguzo lenyewe ni kesi tofauti. Kama sheria ya biashara inasema punguzo lazima liwe sawa kwenye tovuti na kwenye paneli, basi hiyo ni sheria moja, iandikwe sehemu moja, na mwenyewe awe eneo la oda.

Modeli za databezi ndo mtego mkubwa kuliko yote na naona mmeshaingia. Programu tatu zikitumia klasi zilezile zinazowakilisha meza, maana yake muundo wa meza zenu umekuwa mkataba wa wote, huwezi kubadili jina la kolamu bila kuwauliza wote watatu. Wekeni sheria kwamba meza ya oda inaguswa na pakeji ya oda peke yake, mwingine akitaka kitu aombe kupitia fanksheni ambazo oda imezitoa hadharani, na anachopewa kiwe umbo la kawaida la data, sio modeli ya ndani ambayo akiigusa inaenda kuchokoa databezi kimyakimya. Watu wa ripoti watalalamika, wao wanataka kuunganisha meza kumi kwa swali moja, na hapo mimi ni mlegevu kidogo, wape viu (meza ya kutazamia) maalum ya kusoma tu, ijulikane wazi kwamba ni ya ripoti na nani anaitunza.

Sasa huo mzunguko wa oda na wateja. Lugha zinautazama tofauti: Go inakataa kabisa kukompaili pakeji zinazoimpotiana, Maven, zana ya kubildi Java, nayo inagoma moduli zikitegemeana kwa mzunguko, wakati Java yenyewe ndani ya moduli moja inawaacha tu mjikaange, na Python inasubiri mpaka programu inawaka ndo inakwambia moduli haijamaliza kuanza. Kwahiyo kama mnakwamishwa na bildi, shukuruni, mnaonyeshwa mapema.

Kabla ya ufundi wowote uliza: wateja anaitakia nini oda? Oda kumjua mteja ni sawa, haiwezekani oda bila mteja. Upande wa pili ndo wa kuutilia shaka. Nikikisia kwa miradi ya aina hii, ni ukurasa wa mteja unaoonyesha oda zake za karibuni, na pengine sheria kwamba mteja mwenye oda isiyolipwa asifutwe. Ule ukurasa hauhitaji wateja imjue oda hata kidogo, kinachohitajika ni kitu cha juu yao wote wawili, yaani programu ya paneli, kiulize huku na huku alafu kiunganishe. Ukihamishia huo mkusanyiko juu, sehemu kubwa ya mizunguko inajifungua yenyewe.

Ile sheria ya kufuta ndo inahitaji kugeuza mshale wa utegemezi. Pakeji ya wateja inatangaza interfesi ndogo (fanksheni zilizotajwa tu, bila kodi ya ndani), tuseme KizuiziChaKufuta, yenye swali moja: huyu mteja anaweza kufutwa? Pakeji ya oda ndo inaijibu, na programu kuu inapowaka inawaunganisha. Sasa oda anamjua wateja, wateja hamjui oda, na sheria bado inafanya kazi. Hapa watu wengi wanakosea jambo moja: interfesi wanaiweka kwa anayeitekeleza, au mbaya zaidi wanatengeneza pakeji inaitwa interfaces wanazirundika zote humo. Interfesi ni mali ya anayeihitaji. Ukiiweka kwa mtekelezaji mshale haujageuka, umeupaka rangi tu. Hivyohivyo kwa barua pepe, oda itangaze kwamba inahitaji mtu wa kutuma taarifa, pakeji ya barua pepe itimize.

Na kama mkijaribu yote hayo bado mnakuta oda na wateja hawaachani, kila badiliko linawagusa wote, basi unganisheni wawe pakeji moja. Sio aibu. Mpaka uliochorwa mahali pasipo na mpaka ni usumbufu mtupu.

Kuhusu matoleo, kwa kuwa mko repo moja msijisumbue kupeana namba za matoleo kwa pakeji za ndani, bildini zote kutoka kwenye kodi ileile. Namba zinakuja na matatizo yake, mfano oda inataka tarehe toleo la 1 na malipo inataka la 2, na zote zinaingia kwenye programu moja. npm inaweza kuweka nakala zote mbili, classpath ya Java (orodha ya mahali inapotafuta klasi) itatumia klasi ya jar, yaani faili la pakeji, iliyotangulia na utajua wakati programu inadondoka. Subirini mpaka pakeji iende repo nyingine au timu nyingine ndo muanze hayo.

Sheria hizi zote mkiziandika kwenye dokumenti peke yake zitakufa mapema, mtu ana haraka, editori inamletea impoti yenyewe, anabonyeza, amemaliza. Ziwekeni kwenye bildi igome. Kuna zana za kukagua impoti: Java kuna ArchUnit, Python kuna import-linter, JavaScript kuna dependency-cruiser, na Go ukiweka kodi kwenye folda ya internal walio nje ya tawi hilo hawawezi kuiimpoti, unapewa bure. Kwa mradi mkongwe kama wenu bildi itaanza na makosa mengi sana, msijaribu kuyamaliza yote, yaandikeni kama msamaha wa kudumu kwa yaliyopo na bildi igome kwa jipya tu. ArchUnit ina namna ya kugandisha makosa ya zamani kwa ajili hiyo.

Mpangilio wa kazi: chukueni orodha ya kila klasi kwenye common na nani anaiimpoti. Zenye mtumiaji mmoja, na mtazikuta nyingi tu, zirudi kwa mtumiaji wake leo hii. Alafu toeni picha, kisha barua pepe, kisha tarehe na wenzake. Oda na wateja mwishoni, mkiwa mmeshazoea. Msifungie kazi nyingine zote ili "kurefakta" (kupanga kodi upya) kwanza, hameni kipande kwa kipande kila mnapogusa eneo husika.

Kitu kimoja hukukitaja ila nina uhakika kipo humo: visaidizi vya testi, zile klasi za kutengeneza mteja wa uongo na oda ya uongo. Vitoeni vikae pakeji ya pembeni inayovutwa na testi peke yake, vinginevyo vinaenda mpaka prodakshen, kwenye programu wanayoitumia watu, pamoja na laibrari zake zote.