Kiungulia cha miaka mingi na hatari zake kwa umio

SWALI: Daktari, mume wangu mwenye umri wa miaka 52 amesumbuliwa na kiungulia kwa miaka mingi, akikituliza kwa vidonge vya kutafuna anavyonunua duka la dawa. Siku hizi ugali humkwama kifuani mpaka aushushie kwa maji. Je, ni kawaida? – Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana, dada yangu; kukwamwa na chakula si jambo la kungojea. Tindikali ya tumbo inapopanda mara kwa mara huunguza utando wa umio, yaani mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni, na vidonda vinavyopona na kurudi huacha kovu linaloweza kuubana, ndiyo maana chakula kigumu hutangulia kukwama ilhali uji hupita bila shida. Kwa baadhi ya watu utando huo hubadilika ukafanana na ule wa utumbo, hali iitwayo umio wa Barrett, ambayo kwa wachache huzaa saratani. (Saratani ya umio iliyo nyingi Afrika Mashariki ni ya aina nyingine, inayohusishwa na tumbaku, pombe na vinywaji vya moto mno, kwa hiyo chai ya mumeo nayo ipoe kwanza.)

Vidonge vile hutuliza kwa muda tu. Nakusihi umpeleke hospitali yenye kipimo cha endoskopia, ambapo mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa kooni hadi tumboni. Umio uliobanwa hupanuliwa, na dawa kama omeprazoli hupunguza utengenezaji wa tindikali. Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, au akishindwa kumeza hata maji, msisubiri miadi: mpeleke saa hiyohiyo.