Wasomaji Wanauliza: Hii GR Yaris Mpya, Manyuo au Oto?

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu Toyota GR Yaris, kagari kadogo ka spidi, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2024, tukasema sasa unaweza kuichukua na gia za otomatiki (oto) pia, sio za mkono (manyuo) tu, kumbe tumechokoza nyuki. Barua zimekuja za kila aina, kuna mtu kaandika kurasa nne nzima kututukana na kuna mwingine kauliza swali la mstari mmoja kuhusu buti. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Kaka mhariri, mi hamjaniingia kabisa. Injini ya lita 1.6, silinda tatu, kagari kenyewe kadogo, mnashangilia nini hapo? – Mtu wa V8

Heshima yako mzee wa V8. Nakubali silinda tatu zina sifa ya kutetemeka na kulia kama cherehani, ila hii ni kitu kingine. Ni cc 1,618, ilipotoka 2020 ya soko la Ulaya ilikuwa na farasi 261, hii ya sasa imepanda mpaka 280 na nguvu ya kuzungusha ikatoka Nm 360 ikaenda 390, na ile wanayobaki nayo Wajapani wenyewe imefika farasi 304. Kutoka cc 1,618, hebu fikiria!

Na uchache wa silinda sio ubahili, kuna hesabu ndani yake. Injini ya mapigo manne inazunguka nyuzi 720 ndo imalize kazi yake, gawanya kwa tatu unapata 240, maana yake kila silinda inatoa moshi kwa zamu, karibu inamaliza ndo nyingine inaanza, kwahiyo moshi unafika kwenye tabo (feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa ndani ya injini) bila kugombana njiani. Kwenye silinda nne pengo ni nyuzi 180, mmoja hajamaliza kupumua mwenzake keshaanza, ndo maana nyingi zinawekewa tabo yenye njia mbili ili kuwatenganisha. Hii inatumia njia moja tu na bado inaamka mapema.

Halafu usidanganywe na jina. Yaris ya kawaida ina milango mitano, hii mitatu. Mbele ni jukwaa (msingi wa chini wa gari) la Yaris, nyuma wameunganisha na jukwaa la ukubwa wa Corolla ili difu (gia zinazogawa nguvu kwa tairi za kulia na kushoto) na sasipensheni ya maana vipate pa kukaa, milango na boneti ni alumini, paa la kaboni. Walichoazima kwa Yaris ya kawaida ni kama taa na vioo vya pembeni. Usumbufu wote huo ni kwa sababu walikuwa wanawaza rali ya dunia walipoichora, na watu wa bingwa wa zamani wa rali Tommi Mäkinen walihusika kuitengeneza. Gari za namna hii, zinazozaliwa kwa ajili ya mashindano halafu mtu wa kawaida akauziwa, hazitoki kila siku.

Oto kwenye gari kama hii ni usaliti. Semeni ukweli, mmelipwa? – Mguu wa Kushoto

Hatujalipwa, ungeona gari ninayoendesha usingeuliza.

Mi mwenyewe ningechukua manyuo, nasema wazi, kwa sababu napenda kupiga gia na napenda kukosea pia. Lakini neno usaliti ni kubwa mno ndugu yangu. Usaliti ni pale wanapokunyima kuchagua, na hilo limetokea kwingine, Volkswagen Golf GTI ya sasa ukiitaka na manyuo hupati tena, wameiondoa kabisa, gari iliyoanzisha mchezo wote huu mwaka 1976! Honda Civic Type R imekaa upande wa pili, manyuo sita basi, hutaki acha. Yaris ndo imekuuliza we unataka nini.

Na hiyo oto yenyewe sio ile ya kulala usingizi katikati ya kona. Ina gia nane badala ya sita, zimekaa karibu karibu kwahiyo injini haishuki sana kwenye mizunguko unapobadilisha, na kompyuta yake inaangalia unavyokanyaga breki na mafuta ikakuteremshia gia kabla gari haijaanza kujivuta, waliipika kwenye mashindano kabla ya kuiuza. Inaongeza kama kilo 20 tu. Mtu mwenye goti bovu, au mguu mmoja, au anayeshinda kwenye foleni, au ambaye hakuwahi kufundishwa klachi, leo anaweza kuendesha gari hii vizuri kabisa. Mnataka tumfukuze?

Kinachonishangaza ni kwamba wabishi wa gia wameruka jambo kubwa zaidi lililobadilika. Ile ya 2020 kila aliyeiendesha alilalamika jambo moja, unakaa juu kama uko kwenye kiti cha baa, na kioo cha katikati pamoja na skrini vinakuziba kona ya kushoto au kulia kutegemea usukani uko upande gani. Sasa wameshusha kiti milimita 25, dashibodi upande wa juu wameikata milimita 50, na paneli yote wameigeuza nyuzi 15 imtazame dereva. Imekuwa mbaya kwa sura, kuna watu wanasema dashibodi ya lori, na hawajakosea sana. Ila vitufe ni vitufe, unavishika bila kuangalia. Kumbukeni Golf ya kizazi cha nane ilivyotoka na vile vya kupapasa vya sauti na joto ambavyo hata taa havikuwa nayo, usiku unapapasa kama unatafuta swichi kwenye nyumba ya wenyewe, mpaka ilipofanyiwa marekebisho ndo wakaweka taa na kurudisha vitufe vya kweli kwenye usukani. Mi nachukua dashibodi ya lori.

Nina watoto wawili na mume anayeamini hii Yaris ni gari ya familia kwa sababu "ina viti vinne". Nisaidieni. – Mama Wawili

Dada yangu, viti vinne ni kweli vipo. Vya nyuma vipo kama tairi la akiba lilivyopo. Paa limeteremshwa nyuma kwahiyo kichwa cha mtu mzima kinagusa, milango ni miwili ya abiria na wa tatu ni wa buti, na kumfunga mtoto mkanda huku umejikunja kupitia mlango wa mbele utafanya wiki moja tu kabla hamjaanza kununiana. Buti ni lita 174.

Mwambie shemeji mambo yapo mengine. GR Corolla ina injini ileile na inavuta tairi zote nne, milango mitano, japo haiuzwi kila soko. Golf GTI ndo ya wastani, ina nafasi na haisumbui mtu. Civic Type R ina buti la lita 410 na nyuma mtu anakaa akanyoosha miguu, ila nayo ni viti vinne, katikati pale nyuma hakuna mkanda. Akikataa zote hizo basi jua tatizo halijawahi kuwa familia.

Kwenye GR Yaris kuna kiswichi cha kugawa nguvu mbele na nyuma. Rafiki yangu anasema ukiweka 30 kwa 70 gari inakuwa ya kuvuta nyuma na inateleza yenyewe. Kweli? – Kona Kali

Rafiki yako ameuza maneno. Hizo namba ni mgawanyo ambao mfumo unaulenga. Pale nyuma karibu na difu kuna klachi ya sahani nyingi inayobanwa na kompyuta, ikibanwa zaidi nguvu nyingi inaenda nyuma, na wametofautisha kidogo uwiano wa gia za nyuma na mbele ili hilo liwezekane. Gari ya kwanza ilikuwa na 60 kwa 40 ya kawaida, 30 kwa 70 ya spoti, na 50 kwa 50 ya uwanja wa mbio, hii mpya ile ya spoti hawakuibakiza hivyo, sasa kuna 60:40 ya kawaida, 53:47 ya barabara ya changarawe, na ile ya uwanja wa mbio inabadilika yenyewe kati ya 60:40 na 30:70 kulingana na unachofanya, ukifunga breki inakupa utulivu, ukitoka kona inasukuma nyuma.

Kuteleza itateleza, lakini ukiilazimisha. Tena ukivuta breki ya mkono (ni ya kuvuta kweli, sio kitufe) mfumo unaachia tairi za nyuma zisivutwe na injini, ili nyuma igeuke kama kwenye rali. Fanya hayo kwenye uwanja uliofungwa, sio kwenye mzunguko wa barabarani.

Mbona mnazikataa za umeme? Alpine A290 ni hachibeki ya spidi na imeshinda tuzo. – Betri Kwanza

Hatujaikataa, tena mi naipenda. A290 na ndugu yake Renault 5 zilichukua pamoja Gari la Mwaka la Ulaya 2025. A290 yenye nguvu zaidi ina farasi 220, Nm 300, betri ya kWh 52, na kilo 1,479 ambazo kwa gari ya umeme ni kidogo kwa kweli.

Ila chukua kalamu. Gawanya kilo kwa farasi. Golf GTI ya kwanza, kilo kama 810 kwa farasi 110, kila farasi anabeba kilo 7.4. A290 ni 6.7. GR Yaris kilo 1,280 kwa 280, ni 4.6. Civic Type R ya Ulaya ilikuwa na farasi 329 na kilo karibu 1,430, ni 4.3. Mpaka hapo unaona mzee mwenyewe wa 1976 ndo wa mwisho, na bado hakuna anayesema hakuwa mtamu! Sasa mlete Hyundai Ioniq 5 N, tani 2.2, farasi 650 ukibonyeza kitufe, inatoka 3.4, inawapiga wote. Kwenye mstari ulionyooka. Kwenye kona hizo tani 2.2 hazijali umebonyeza nini, tairi na breki ndo zinazobeba, na hapo ndipo gari nyepesi inaanza kucheka. Ndo maana mabishano ya farasi huwa yananichosha, mi nauliza kilo kwanza.

Lakini nikuunge mkono kwenye moja: za petroli zinaondoka. Ford Fiesta ilisimama 2023 na ST yake, ile ya spidi, ikaenda nayo, Hyundai i20 N ikaondoka Ulaya 2024, Civic Type R nayo Ulaya imeaga, sheria za moshi zimebana. Kama mwisho wake ni A290 basi sio mwisho mbaya.

Civic Type R inavuta tairi za mbele tu na nguvu zote hizo, usukani haukunyang'anyi mikono? – bila jina

Ingekuwa ya zamani ungenyang'anywa. Wametenganisha mhimili wa kugeuzia tairi na shokamzoba, kwahiyo tairi linapovuta kwa nguvu halizungushi usukani sana, na kuna difu ya kimekanika inayozuia tairi moja kuzunguka bure. Aprili 2023 walisema imezunguka Nürburgring, uwanja wa mbio wa Ujerumani, kwa dakika 7 na sekunde 44.881, rekodi ya wakati huo ya gari za kuvuta mbele kwa urefu wa kilomita 20.832.

Sauti ya injini inatoka kwenye spika. Aibu au sio aibu? – Masikio

Aibu ndogo. Endelea.

Nimenunua GR Yaris ya mtu, muuzaji akaapa haijawahi kuguswa. Fundi kaikagua akakuta programu ya injini imebadilishwa na klachi inanuka. Nifanyeje, na nyie wengine mjue. – Nimeumia

Pole sana mdogo wangu. Kwanza rudisha programu ya kiwandani kabla hujaendesha kwa nguvu, maana hujui aliyeibadilisha alipandisha presha ya tabo kiasi gani. Badilisha oili ya injini, ya giaboksi na ya difu zote, kagua klachi, ikibidi badilisha. Kama ulipewa maandishi kwamba haijaguswa, tafuta mwanasheria kabla ya kumpigia muuzaji simu ya hasira.

Wengine mnaotafuta ya mkononi: angalia tairi kwanza, kama zimelika mabegani na katikati ziko nzima, huenda gari imeshinda kwenye uwanja wa mbio. Angalia diski za breki kama zina rangi ya bluu, hiyo ni joto. Omba injini uikute baridi, ikiwa imeshawashwa kabla hujafika jiulize kwa nini. Na ukiona boliti za ekzosi zinang'aa kuliko za jirani zake, kuna kitu kilitolewa juzi kikarudishwa cha kiwandani ili wewe usikione.

Nimeagiza mpya, ya manyuo. Nibadilishe nini kwanza, ekzosi au inteki (njia ya kuingizia hewa)? – Kijana wa Boneti Wazi

Hakuna hata kimoja. Kilomita za mwanzo iendeshe taratibu kama kitabu chake kinavyosema, halafu ukishaizoea na ukaamua kwenda nayo kwenye uwanja wa mbio, badilisha oili ya breki na pedi. Oili ya breki inavuta unyevu wa hewani polepole, ule unyevu ukipata joto unageuka mvuke, na mvuke unaminywa, kwahiyo unakanyaga pedali inaenda mpaka chini na kona ndo ile inakuja. Hakuna ekzosi itakayokusaidia hapo.