Kwa vijana wapya wa kliniki: homa ya jana si sababu ya sindano ya leo

Wiki hii nimemkuta kijana wetu wa fildi kashavuta dawa kwenye bomba, anamwendea mbwa mwenye babesia, kimelea cha damu kinacholetwa na kupe, aliyechomwa Berenil (yaani diminazini, dawa yake) jana yake. Kulikoni? "Dokta, homa bado iko arobaini." Nililipokonya lile bomba kwa ukali. Kwa ukali nimeshamwomba radhi, kwa kupokonya siombi. Sasa kaeni chini, hasa nyie mnaotoka chuo mkiwa mnajua kila kitu.

1. Slaidi ya damu kabla ya sindano. Kupe huyohuyo analeta na erlikia, ugonjwa mwingine wa damu, kwa hiyo fizi nyeupe peke yake haikwambii kitu. Toboa ncha ya sikio, ndiko babesia wanakojificha kwa wingi, na chuja Giemsa yako, ile rangi ya kupaka slaidi, kabla hujaita takataka za rangi vimelea.

2. Mizani ipo, itumieni. Mimi nilipoanza kazi nilikuwa napima kwa jicho, na hili niwasimulie vizuri. Aliletwa mbwa jike wa mwalimu mmoja mstaafu, mkojo rangi ya kahawa, slaidi imejaa. Nikakoroga pakiti ya Berenil ya ng'ombe, maana ndiyo iliyokuwepo. Ikishayeyushwa inavyotakiwa ni mililita moja kwa kilo 20. Jicho likaniambia kilo 30, nikachoma moja na nusu. Baadaye sana ndipo nikampandisha kwenye mizani: 22.

Kesho yake homa ile ile, hali chakula, hanyanyuki. Mwalimu akasema kwa upole tu, "Naona bado, daktari." Hakunilaumu, lakini mimi nilisikia lawama. Nikaona aibu kusimama bila kufanya kitu, nikamchoma tena kiasi kilekile. Siku iliyofuata macho yalikuwa yanachezacheza pembeni, miguu ya mbele imekakamaa, kichwa kimevutwa nyuma, akisimamishwa anaangukia ubavu. Diminazini hiyo. Inakaa mwilini muda mrefu, na kwa mbwa dozi ya kutibu na dozi ya kuharibu ubongo zimekaa jirani. Dawa ya kuiondoa hakuna.

Alikufa. Nikamwambia mwalimu ugonjwa umepanda kichwani. Uongo mzuri, kwa sababu babesia ya ubongo ipo kweli kwenye vitabu. Akanishukuru, akalipa na ile sindano ya pili.

Na mbwa yule dawa alishaipata siku ya kwanza, tena kupita kiasi. Alichokosa ni damu. PCV, kipimo cha wingi wa chembe nyekundu, sikupima, na mbwa wa kumtoa damu hata sikumtafuta. Diminazini inaua kimelea, chembe nyekundu zilizokwishapasuka hairudishi, na homa inaweza kuchukua siku moja au mbili kushuka. Kwa hiyo siku ya pili ni slaidi mpya, PCV na dripu, basi.

3. Imidokabu, dawa nyingine ya babesia: atropini ya kuyatuliza madhara yake iwe mezani, udenda na matapishi vinakuja.

4. Doksi (doksisaiklini) ya erlikia ni siku 28, hata kama mbwa anaanza kukimbiza kuku siku ya tatu. Paka usimpe kidonge cha doksi kikavu, kitamuunguza umio, fuatisha maji.

5. Paka dume anayejikamua kwenye mchanga, mwenyewe atakwambia amefunga choo. Shika kibofu. Kikiwa kigumu kama chungwa, sikiliza moyo kabla ya kufikiria nusukaputi. Moyo ukipiga polepole, potasiamu imepanda, kalsiamu glukoneti kwanza. Na paka aliyevimba uso, damu imegeuka kahawia, ulizia kama kapewa Panadol, kwa paka ni sumu. Ulizia kwa upole, la sivyo watakuficha.

6. Mbwa taya limelegea, udenda unatiririka, mwenyewe anaapa mfupa umemkwama kooni. Wewe kijana hodari unataka kutia mkono. Usitie! Mpaka ithibitike vinginevyo, hicho ni kichaa cha mbwa, kile cha kupooza ambacho hakina fujo. Ukichanika au udenda ukiingia kwenye kidonda, sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, na hospitali siku hiyohiyo, umechanjwa au hujachanjwa. Akifa, kichwa kiende maabara kizima kwenye barafu, maana ubongo ndio unaopimwa.

Jumatatu njooni na kadi za chanjo ya kichaa. Asiye nayo atakaa mapokezi kupokea simu, na wateja wetu mnawajua.