Picha haina kitu, lakini sijda inauma

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni kijana wa miaka 26, wa hapa Shella, Malindi. Kazi yangu ni kutengeneza friji, na Jumapili huendesha pikipiki za motokrosi. Mimi na wenzangu tumechonga uwanja wa supakrosi nje ya mji, kwenye udongo mwekundu wa njia ya Marafa: vinundu vya kufuatana, kona zenye ukuta, na matuta matatu ambayo mjuzi huyavuka yote kwa mruko mmoja. Siku 19 zilizopita nilishindana kwa mara ya kwanza. Kufikia mzunguko wa nne mikono ilikuwa imekaza kama mbao, hata breki sikuivuta sawasawa. Nikayaingia yale matuta matatu na mwendo mdogo, gurudumu la mbele likagonga la tatu, nikarushwa mbele, nikajikinga kwa mkono wa kulia. Jioni ile nilipigwa eksirei, nikaambiwa hakuna kilichovunjika, nimeteguka tu. Nimekandwa mara tatu kwa mafuta ya nazi na uvimbe umekwisha. Vidole vyote vinasogea. Ila nikiinuka kutoka sijda, nikikita kiganja chini, nasikia maumivu makali upande wa gumba. Wiki mbili zijazo tuna mashindano mengine. Nifunge bandeji gani niweze kushindana? Na mazoezi gani yanaondoa ule mkazo wa mikono?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mkazo wa mikono nitaugusa mwishoni, hauna haraka. La bandeji subiri kidogo, kwa sababu jambo zito katika barua yako umelitaja kwa kupitia tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Ni ile sijda. Nilipofika hapo niliweka kikombe cha chai chini.

Fanya hivi sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Nyosha mkono wa kulia mbele yako, kisha inua gumba juu. Chini ya gumba, karibu na kifundo, utaona kano mbili zimesimama kama kamba za tanga lililoshika upepo, na katikati yake kishimo. Wazee wetu ndicho walichokuwa wakikitilia ugoro kabla ya kuuvuta puani. Bonyeza humo kwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Halafu geuza kiganja, utafute kinundu kigumu pale gumba linapoanzia, ukibonyeze nacho. Mwisho, shika gumba ulisukume kuelekea kifundo, kama unayelirudisha ndani. Linganisha na mkono mzima. Kama sehemu hizo zinauma kwenye mkono wa kulia na kwenye wa kushoto haziumi, basi kwangu mimi mkono huo umevunjika mpaka picha nyingine ithibitishe vinginevyo.

Najua utasema picha ulishapigwa. Hapo ndipo ninapochoka, na sichoshwi na wewe peke yako. Haipiti wiki sijaletewa mkono na bahasha, na mwenye mkono ananionyesha bahasha kama hati ya shamba: "Daktari, hapa imeandikwa hakuna kitu." Aliyekupiga picha siku ile huenda hakukosea hata kidogo. Mfupa ninaoushuku unaitwa skafoidi, na ufa wake una tabia ya kujificha siku za mwanzo. Kuna mivunjiko ya mfupa huu, hadi karibu mmoja katika mitano, isiyoonekana kwenye eksirei ya kwanza. Ufa ni mwembamba kama unywele na vipande havijaachana, kwa hiyo picha hupita juu yake. Baada ya siku 10 hadi 14 kingo za ufa huanza kuliwa kidogo, kwa kuwa mwili unaisafisha sehemu ile ili uijenge upya, na hapo mstari hujitokeza. Ndiyo maana mgonjwa mwenye maumivu kwenye kile kishimo hufungwa mkono hata kama picha ni safi, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Ama hukuambiwa urudi, ama uliambiwa ukaona umeshapona. Sitauliza ni lipi.

Skafoidi ni mmoja wa mifupa 8 midogo ya kifundo cha mkono. Jina lake limetoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya mashua, kwa sababu umejipinda. Sisi wa Kilifi tungeuita korosho tu, kwa umbo na hata kwa ukubwa. Miongoni mwa hiyo minane ndio unaovunjika zaidi, na kisa chake ni kilekile: mtu anaanguka, ananyosha mkono kujikinga, kiganja kinabanwa nyuma, na ile korosho inakatika kiunoni. Kwako hata huenda hukuhitaji kufika chini. Gurudumu la mbele linapogonga tuta badala ya kutua kwenye mteremko wake, usukani wenyewe hukisukuma kiganja nyuma kwa nguvu zote. Na chini napo si pa mchezo. Kitu kikidondoka kutoka mita 3 hufika ardhini kwa mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa, na hapo sijahesabu mwendo wa pikipiki. Huo udongo wenu ukikauka na jua la Januari nao ni saruji.

Ubaya wa mfupa huu ni njia ya damu yake. Sehemu kubwa ya damu huingia kwa upande wa vidole, kisha ikarudi nyuma kuelekea upande wa kiwiko. Fikiria kichochoro cha mji wa Lamu chenye mdomo mmoja. Ukuta ukiporomoka katikati, punda wa maji hapiti, na nyumba za ndani zinakaa na kiu. Skafoidi ikikatika kiunoni, kipande cha ndani kinaweza kukosa damu ya kutosha, na kadiri ufa unavyokaa upande huo wa kiwiko ndivyo hatari inavyozidi. Kisipotulizwa, hakiungi. Kikikosa damu kabisa, hufa. Na haya yote hutokea huku vidole vikisogea vizuri na uvimbe ukiwa umekwisha.

"Vidole vinasogea" ni kauli ninayoisikia tangu nilipovaa koti jeupe. Sijui nani aliwafundisha watu kwamba mkono uliovunjika hauwezi kusogeza vidole. Vidole husogezwa na misuli iliyo juu huko, karibu na kiwiko, kwa kano zinazopita kwenye kifundo kama kamba kwenye kapi. Korosho ikivunjika, kamba bado zinavuta. Ungeweza kucheza zumari na skafoidi iliyokatika vipande viwili. Hata uvimbe wake huwa mdogo na huondoka upesi, tofauti na mkono uliovunjika juu zaidi, ambao hupinda ukauona kwa macho.

Sasa tuje kwa mafuta ya nazi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mkandaji, kwa hiyo nisije nikaambiwa nadharau mambo ya wazee. Alikanda migongo ya wavuvi na miguu ya wazazi, na alikuwa na mikono ambayo mpaka leo naitamani. Lakini mtu akija ameanguka, alimgusa mara moja kwa ncha ya kidole, akimwona anaruka alimwambia: nenda hospitali, hapa sina kazi. Wakandaji wa siku hizi wengi hawana ncha ile ya kidole. Kila kitu kwao kimeteguka, na kila kilichoteguka kinarudishwa. Neno hilo "kuteguka" limekuwa gunia la kutilia kila ugonjwa. Wewe umekandwa mara tatu, na kama mfupa umevunjika, maana yake ni kwamba mara tatu vipande viwili vya mfupa vilivyokuwa vikijaribu kushikana vimesuguliwa vikaachana. Nafuu uliyoipata ni ya nyama na uvimbe. Mfupa haujaulizwa.

Ndugu yake mkandaji ni yule wa duka la dawa anayechoma sindano ya diklofenaki bila kuuliza ulianguka vipi. Maumivu yanatulia siku mbili, mtu anarudi kwenye bodaboda yake, anakaza klachi siku nzima kwa mkono wenye ufa.

Mwaka juzi nilimwona mkwezi wa minazi wa upande wa Ganda. Alikuja kutafuta dawa ya baridi yabisi. Kifundo chake kilikuwa kimekakamaa, kisu cha kugemea tembo alikuwa amekihamishia mkono wa kushoto, na hata kusokota mfuniko wa chupa aliyonijia nayo ilimbidi aibane katikati ya mapaja. Nikamuuliza kama amewahi kuanguka. Akasema ndiyo, lakini zamani, na alikandwa akapona. Picha yake ilionyesha korosho ya vipande viwili, kingo zikiwa laini kama kokoto za ufuoni, na mifupa ya jirani imeanza kulika. Hiyo haikuwa baridi yabisi ya kumjia tu. Ni mvunjiko uliopuuzwa, na kwa kazi yake ile sikuwa na dawa ya kumrudishia mkono aliokuwa nao.

Nawe una miaka 26, na siku 19 bado ni mapema. Kwa hiyo nakuomba uache mashindano hayo ya wiki mbili zijazo. Hakuna bandeji itakayokufaa, ya dukani au ya kuagizwa. Mvunjiko usioachana hufungwa plasta ngumu, kwa kawaida wiki 8 hadi 12, na ukiwa upande wa ndani huweza kuchukua miezi zaidi. Ukiachana kwa zaidi ya milimita moja, huhitaji upasuaji na skrubu. Kama unavuta sigara, acha katika kipindi hicho. Skafoidi ya mvutaji huchelewa kuunga, au haiungi kabisa.

Nalijua na lile litakalofuata, kwa sababu mpwa wangu ana ugonjwa wa supakrosi kama wako na hunionyesha kwenye simu. Mbona wale wa Marekani wanavunjika mkono na baada ya muda mfupi wako tena uwanjani? Wengine hurudi upesi, kweli. Skrubu isiyo na kichwa inayozama ndani ya mfupa ilielezwa kwa maandishi na Timothy Herbert wa Australia mwaka 1984, na kwa mvunjiko unaoifaa humwezesha mtu kusogeza mkono mapema. Lakini hukioni kinachofanyika nje ya kamera: skani ya kuhakikisha mfupa umeshika, daktari wa timu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kila asubuhi, na mshahara unaofanya mtu akubali kuhatarisha kiungo. Wale fainali yao ya pikipiki za injini ya sisi 450 ni dakika 20 na mzunguko mmoja juu yake, na wameijenga miili yao kwa hilo tangu wakiwa watoto. Friji za Malindi hazitakusubiri ukiwa na mkono wa yule mkwezi.

Na hapa nisemee zaidi ya pikipiki, kwa sababu supakrosi mko wachache na mikono ninayoiona ni mingi. Golikipa wa ufuoni aliyedaka mpira kwa kiganja, dereva wa boda aliyeteleza kwenye mchanga, mama aliyeanguka kwenye ngazi za kisima, wote hao huja na hadithi moja. Kwa watoto ni vibaya zaidi. Mtoto akianguka kwenye mwembe akavunjika juu ya kiwiko, kuna watu watamfunga vijiti na kitambaa wakakaza mpaka damu isipite. Nimefungua vitambaa hivyo nikakuta vidole baridi, vya rangi ya samawati, mtoto amenyamaza. Mzazi aliniambia kunyamaza kule alikuona ni dalili ya nafuu. Mkono uliofungwa ukizidi kuuma, ukafa ganzi au vidole vikabadilika rangi, kata kitambaa usiku huohuo, usingoje asubuhi, na usiku huohuo ukimbilie hospitali. Na kiwiko kilichoumia kisikandwe abadani: damu iliyovuja ndani ya misuli inaweza kugeuka mfupa, na kiwiko kikagoma kukunjika.

Mkazo wa mikono, nimeahidi. Misuli ya mkono wa mbele hujaa damu ndani ya ngozi yake ngumu mpaka damu inashindwa kutoka, na chanzo cha kawaida kwa anayeanza ni kushika usukani kama anayezama. Kaza magoti kwenye tangi, legeza vidole. Mazoezi ya kuminya mpira hayatakusaidia sana, na kwa sasa usiyaguse.

Kesho pita duka la dawa ununue kifungio kigumu kinachoshika kifundo pamoja na gumba, ukivae mchana na usiku. Katika sala shuka na uinuke kwa kuegemea mkono wa kushoto. Kisha nenda ukapigwe picha upya, na ukifika dirishani usiseme "picha ya mkono". Sema unataka picha za skafoidi: moja wapo hupigwa kiganja kikiwa kimelalia meza na kifundo kimepindishwa kuelekea upande wa kidole cha mwisho, ili korosho ijinyoshe ionekane yote. Zikiwa safi na kishimo bado kinauma, utahitaji MRI, yaani picha ya mashine ya sumaku, na huenda ukalazimika kwenda Mombasa. Bahasha ya kwanza uende nayo. Nitataka kuziweka picha mbili kando kwa kando.