Wanafaulu Kifaransa lakini hawasemi

Mwalimu mwenzangu wa Ilemela, nimekuelewa: wanafunzi wako wa Kifaransa kwenye karatasi wanapata 80, mgeni akiwauliza jina wanainamisha vichwa. Karatasi peke yake haipimi ulimi. DELF A1, mtihani wa kimataifa wa Kifaransa wa ngazi ya mwanzo, hupima kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila stadi alama 25. Nawe gawa hivyohivyo.

Kuzungumza ndiko kugumu. Mimi huwaita wawili wawili, dakika tano: mmoja auze dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba, mwenzake aulize bei na kupatana. Usimkatize anayekosea sarufi, atanyamaza kabisa. Narekodi kwa simu nisikilize tena jioni, kwa sababu uchovu hupotosha alama. Omba kwanza ruhusa ya mkuu wa shule.

Asiyekuitikia hata kwa Kiswahili, shauri wazazi wampeleke akapimwe masikio.