Mikoko tunapanda, mikoko inakufa

SWALI: Mhariri shikamoo. Sisi ni kikundi cha vijana huku Kilifi, tumepanda mikoko mara mbili ufuoni na miche karibu yote imekufa, walioleta miche walipiga picha na tisheti zao wakaenda zao, saa hizi wazee wanatucheka. Tuendelee ama tuache? – Msomaji

JIBU: Marahaba, na poleni sana kwa jasho lenu. Msiache, ila msipande tena kabla hamjajua kwa nini ile ya kwanza ilikufa. Nikuulize, hapo palikuwa na mikoko zamani? Maana mara nyingi watu wanaletewa mkoko wenyewe, ile aina moja inayoitwa hivyo hasa, zile mbegu ndefu, kwa sababu ni rahisi kuokota na kuchomeka kwenye tope, halafu unapandwa mbele kabisa kwenye mawimbi na hapo ni pahali pa mlilana na mchu, aina nyingine za mikoko, sasa mche unashinda chini ya maji, mchanga unaufukia, basi umekwisha.

Hao wazee wanaowacheka ndio wa kwenda nao, pamoja na kina mama wanaookota chaza. Tembeeni bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mrudi maji mafu, yanaposogea kidogo tu, muone maji yanafika wapi na yanazuiliwa na nini. Kama ni tuta la shamba la chumvi au barabara imeziba mkondo, kuufungua kunaweza kusaidia kuliko miche elfu, kwa sababu kukiwa na miti mama karibu mbegu zinaletwa na maji zenyewe.

Halafu suala la faida, hapa ndipo miradi mingi inafeli jamani. Angalieni Gazi kule Kwale, mikoko yao ilikatwa sana miaka ya 1970 kwa kuni za viwanda vya chokaa na matofali. Tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja wanalinda hekta 117 na kuuza kaboni, yaani wanalipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko inaifyonza na kuihifadhi, na pesa wanakaa wenyewe wanaamua, ikaenda kwenye maji ya bomba na shule. Wamepanda na mivinje ili mtu apate nguzo na kuni bila kugusa mikoko, maana huwezi kumkataza mtu kuni na hujampa pa kuzipata.

Nyinyi anzeni na kujisajili kama CFA, yaani chama cha jamii cha kutunza msitu, muingie makubaliano na KFS, shirika la misitu la serikali, mpate sauti kwenye msitu wenu. Na wakija tena watu wa miche, waambieni watoe kwanza hela ya kuifuatilia mpaka mwaka wa tatu.