Homa ikipanda Mwanza, pima malaria kabla ya kusema ni mafua

Masika yalipokolea, mwanangu wa miaka sita alirudi kutoka shuleni pua zikimchuruzika na mwili ukiwaka. Tunakaa Igogo, karibu na ziwa, na wiki ile karibu kila mtoto wa mtaani alikuwa akikohoa, kwa hiyo nilisema ni mafua, nikampa dawa ya kushusha homa. Usiku wa tatu alitetemeka mpaka kitanda kikawa kinalia, na asubuhi tukaenda zahanati, akatobolewa kidole. Nilikaa kwenye benchi nikikitazama kile kipimo cha plastiki: mstari wa kwanza ulijitokeza penye herufi C, kisha, taratibu sana, wa pili penye T. Mafua alikuwa nayo kweli, lakini malaria pia ilikuwemo, na mimi nilikuwa nimempotezea siku mbili.

Tangu siku hiyo siamini macho yangu. Mafua makali na malaria huanza kwa kufanana mno: homa ya ghafla, kichwa kuuma, viungo kuvunjikavunjika, uchovu na kukosa hamu ya chakula. Koo kuwasha na pua kuchuruzika huashiria mafua, lakini haviiondoi malaria, hasa kwetu Kanda ya Ziwa ambako mbu hawatupi likizo. Kipimo cha haraka huhitaji tone moja tu la damu, na majibu hutoka katika muda wa dakika 15 hadi 20, hivyo pima siku ileile homa inapoanza. Majibu yakionyesha hakuna malaria na homa ikaendelea, rudi upimwe tena.

Baadaye niliugua mimi, na safari hiyo mstari ulikuwa mmoja. Jirani alinishauri ninywe antibayotiki alizobakiza, nikakataa, kwa sababu mafua huletwa na virusi na dawa hizo haziui virusi. Nilitumia parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, bila kuzidisha vidonge vinane kwa saa 24, na kila nilipomeza niliandika saa kwenye daftari. Jambo hili naomba lizingatiwe sana: dawa nyingi za mchanganyiko za mafua tayari zina parasetamoli ndani yake, na anayezinywa pamoja na vidonge vya kawaida anaweza kuliumiza ini bila kujua. Dozi ya mtoto hufuata uzito wake na hupimwa kwa kifaa kilichokuja na chupa, si kwa kijiko cha chai. Aspirini mtoto asipewe kabisa.

Nilikunywa maji ya kuchemsha, uji mwembamba wa mtama na mchuzi wa sato, nikiangalia mkojo usiwe wa njano iliyokolea. Asali hutuliza kikohozi, ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hapewi. Kuhusu kujifukiza, najua wengi wanakupenda, lakini sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi ni hatari ya kuungua, na mtoto simfukizi. Homa yangu iliisha siku ya nne. Kikohozi kiliendelea kwa karibu wiki mbili, jambo ambalo ni la kawaida.

Zipo dalili ambazo hazisubiri asubuhi: kupumua kwa shida au kwa haraka, mbavu za mtoto kubonyea ndani anapovuta pumzi, degedege, kuchanganyikiwa, kutapika kila kitu, kushindwa kunywa au kunyonya. Mjamzito, mzee, mtoto mchanga na mwenye pumu, kisukari au ugonjwa wa moyo waende kituoni mapema, hata kama homa inaonekana ndogo. Kwangu, namba ya simu ya dereva wa bajaji anayekubali kuamshwa usiku imeandikwa ukutani juu ya kitanda cha mtoto, na nauli yake iko ndani ya kopo la majani ya chai.